Jinsi Wachezaji wa Raga wa Zamani Walivyojiweka Tayari kwa Mchezo wa Taifa

WASOMAJI wa habari za michezo aghalabu hutafuta jambo moja tu, yaani nani ameshinda na nani ameshindwa. Wakiisha kuliona hilo huligeuza karatasi. Walakini mchezo mkubwa hauanzi wakati mwamuzi apulizapo filimbi, kama vile shamba lisivyoanza siku ya mavuno, bali siku ya kufyeka. Basi leo twapenda kueleza habari za maandalio ya wachezaji wa raga wa zamani, ambao walichaguliwa kuchezea nchi zao wala hawakulipwa ujira wo wote. Walikuwa makarani, waalimu, waganga, washona viatu na wachimbaji wa makaa ya mawe, na kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kumpatia chakula. Tutaona walipataje nafasi ya kujizoeza, walikula nini, walifundishwa na nani, na ni shida gani iliyowapata wale ambao siku moja ya kukosa kazi ilikuwa ni siku moja ya kukosa mkate.

Katika habari hii, tukisema Uingereza twataja nchi ya Waingereza wenyewe tu, kwa kuwa katika mchezo huu Uskoti na Welisi kila moja ina timu yake ya taifa.

MCHEZO WENYEWE

Raga imepata jina lake kwa shule ya Rugby iliyoko Uingereza. Mpira wake haukuviringana kama mpira wa miguu tuujuao, bali umbo lake ni kama yai. Mchezaji aweza kuuchukua mikononi na kukimbia nao, aweza kuupiga teke, na aweza kumpa mwenzake kwa mkono, lakini sharti aurushe upande au nyuma, si mbele. Adui naye ana ruhusa ya kumkamata mwenye mpira na kumwangusha. Mtu akifika nyuma ya mstari wa adui na kuuweka mpira chini, hapo amepata alama iitwayo trai. Tena kuna skramu, nayo ni hivi: wasukumaji wa kila upande huinama, hushikana mabega, huingiliana vichwa na wenzao wa upande wa pili, kisha husukumana kwa nguvu zao zote ili kuupata mpira uliotiwa katikati.

Kwa sababu hiyo mchezaji wa raga huhitaji pumzi ndefu, shingo na mabega yenye nguvu, na miguu isiyochoka. Tena huhitaji kujuana sana na wenzake, kwa kuwa mtu arushapo mpira nyuma mara nyingi hana nafasi ya kutazama ni nani ayupo. Hilo la kujuana ndilo lililokuwa gumu kupita yote kwa watu wa zamani, kama tutakavyoona.

MWEZI MMOJA NA MBWA MKUBWA

Mchezo wa kwanza wa raga kati ya taifa na taifa ulichezwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tarehe 27 Machi, 1871, katika kiwanja kiitwacho Raeburn Place. Uskoti ilicheza na Uingereza, na kila upande ulikuwa na watu 20, kwa maana ile desturi ya watu 15 iliingia katika michezo ya mataifa mwaka 1877. Walicheza dakika 50 kila kipindi, na watu wapatao 4,000 walikuja kutazama.

Mmoja wa Waingereza wale, J. H. Clayton wa Liverpool, alisimulia baadaye jinsi alivyojitayarisha. Kwa muda wa mwezi mzima aliondoka kila siku saa 12.30 asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, akakimbia maili nne, na mbwa wake mkubwa akikimbia mbele ili kumtia mwendo. Kisha alikwenda afisini, akafanya kazi tangu saa 3 asubuhi hata saa 1 ya usiku. Chakula chake kilikuwa hasa nyama ya ng'ombe isiyoiva sana, na bia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maandalio yake yote. Hakuwa na mwalimu, wala hakukutana na wenzake kufanya zoezi pamoja. Usiku uliotangulia mchezo, Waingereza walipanda gari la moshi katika behewa la daraja la tatu lenye viti vya mbao tupu, wakasafiri usiku kucha mpaka Uskoti, na huko wakaingia kiwanjani.

Waskoti walikuwa wamefanya jambo moja zaidi. Kabla ya siku ile walicheza michezo ya kujaribu huko Glasgow na Edinburgh, ili wachaguzi wawaone watu kwa macho yao wenyewe. Uskoti ikashinda kwa goli moja na trai moja, na Uingereza ikapata trai moja. Siku zile trai peke yake haikuwa na hesabu kubwa. Ilimpa mchezaji ruhusa ya kujaribu kupiga goli, na jina lake limetoka huko.

Hatusemi kwamba mbwa alishindwa na michezo ya kujaribu. Timu hushinda kwa sababu nyingi. Walakini tangu siku ile ya kwanza twaona njia mbili za maandalio: njia ya mtu mmoja mmoja kuutengeneza mwili wake, na njia ya watu kukutana ili wazoeane. Miaka zaidi ya mia iliyofuata watu walibishana juu ya njia ile ya pili, kama ni halali au si halali.

MASHAURI YA BWANA ALMOND

Katika mchezo ule wa 1871 mwamuzi mmoja alikuwa Hely Hutchinson Almond, mkuu wa shule ya Loretto iliyo karibu na Edinburgh. Aliiongoza shule hiyo tangu mwaka 1862 mpaka alipofariki mwaka 1903, na mawazo yake juu ya afya yalienea sana katika shule za nchi ile. Aliwataka wanafunzi wake walale na madirisha wazi hata wakati wa baridi, waoge maji baridi, wavae nguo nyepesi zisizobana, wala wasile vitu vitamu ovyo kati ya chakula na chakula. Tena kila siku sharti watoke nje wafanye mazoezi, hali ya hewa iwe nzuri au mbaya. Aliona kwamba mwili hautengenezwi kwa juma moja la haraka kabla ya mchezo, bali kwa mazoea ya kila siku.

Jambo jingine lafaa kutajwa kwa ajili ya wale wanaoombwa kuamua michezo. Waingereza walikataa kwamba trai ya kwanza ya Waskoti ilikuwa ya haki, na makelele yakawa mengi. Almond aliikubali trai ile. Baadaye aliandika kwamba yeye mwenyewe hakujua kwa hakika kama aliamua sawa, lakini aliona kuwa mwamuzi mwenye shaka ana haki ya kuwaamulia vibaya wale wanaopiga makelele zaidi, kwa kuwa yamkini hao ndio wenye kosa.

JINSI WALIVYOCHAGULIWA NA KUITWA

Hatimaye ilikuwa desturi kuwa na michezo ya kujaribu kila mwaka. Wachaguzi walifanya timu mbili: moja ya watu waliokaribia kuchaguliwa, na ya pili ya wale ambao huenda wakafaa. Timu mbili hizo zilichezeshwa, na wachaguzi wakaketi pembeni wakiandika. Mtu wa timu ya pili akimshinda mwenzake wa timu ya kwanza, pengine walibadilishwa mahali hapo hapo katikati ya mchezo. Maandalio ya namna hii yalikuwa na faida na hasara. Faida yake, kila mtu alionekana. Hasara yake, kila mtu alicheza kwa ajili ya nafsi yake, akitaka aonekane yeye, na siku ya kuwa timu moja hakuwa amezoea kumsaidia mwenzake.

Baada ya hapo mchezaji alingoja barua. Kwa kawaida viatu na suruali fupi vilikuwa vyake mwenyewe, na fulana ndiyo iliyotolewa na chama. Vyama vingine vilihesabu mali zao kwa uangalifu mwingi sana. Husimuliwa habari za Jock Wemyss wa Uskoti, ambaye alichezea nchi yake mwaka 1914, kisha akaenda katika Vita Kuu na kupoteza jicho moja. Alipochaguliwa tena kucheza na Ufaransa mjini Paris tarehe 1 Januari, 1920, hakupewa fulana, kwa sababu alikwisha kupewa moja kabla ya vita, akatazamiwa kuja nayo. Katika mchezo huo huo, upande wa Ufaransa nao ulikuwa na mtu mwenye jicho moja, Marcel Lubin-Lebrère, ambaye naye aliumia vitani. Wote wawili walicheza.

Kuhusu mazoezi, vilabu vingi vilikutana jioni mbili katika juma, Jumanne na Alhamisi, watu wakiisha kutoka kazini. Wakati wa baridi jua huchwa mapema katika nchi zile, hata mara nyingi zoezi lilifanywa gizani, au kwa mwanga wa taa chache. Walikimbia kuzunguka kiwanja, wakarushiana mpira, wakasukumana kidogo, kisha wakachuliwa mafuta ya moto miguuni. Mchimbaji wa makaa, aliyeshinda kutwa ameinama chini ya ardhi na sururu mkononi, alifika zoezini na mabega yaliyokwisha kuzoezwa na kazi. Karani alifika na shingo iliyochoka kwa kuinamia meza. Kila mmoja alikuwa na upungufu wake wa kuutengeneza.

Tena twapaswa kukumbuka kwamba mpaka mwaka 1968 hapakuwa na ruhusa ya kumwingiza mtu mwingine badala ya aliyeumia katika michezo ya mataifa. Mtu akivunjika mfupa, wenzake walicheza wakiwa 14 hata mwisho. Kwa hiyo mchezaji aliyekuja na maumivu ya kuficha, au asiye na pumzi, aliwatwika wenzake mzigo wake. Maandalio ya mwili yalikuwa deni kwa wenzake 14.

SIKU ARUBAINI BAHARINI

Sasa tuje kwenye habari iliyowafanya watu wa Uingereza wafikiri upya. Tarehe 30 Julai, 1905, timu ya Nyuzilandi iliondoka Wellington katika meli iitwayo Rimutaka, ikafika Plymouth tarehe 8 Septemba. Kapteni wao alikuwa Dave Gallaher, na msaidizi wake Billy Stead, ambaye kazi yake ilikuwa kushona viatu. Hao nao walikuwa watu wasiolipwa kwa mchezo, ila chama chao kiliwapa shilingi tatu kwa siku kwa ajili ya matumizi madogo madogo.

Wengine wangaliona safari ile ya siku 40 kuwa ni hasara, kwa kuwa mwili hulegea baharini. Wao waliigeuza ikawa shule. Walifanya mazoezi ya viungo juu ya sitaha, wasukumaji wakajizoeza skramu, na wakimbiaji wakazungumza na kupanga njia za kupitisha mpira. Walipewa mwalimu, Jimmy Duncan, lakini wachezaji wengine hawakuridhika naye, na kwa hakika kazi ya kufundisha iliangukia mikononi mwa Gallaher, Stead na wenzao. Walipofika Uingereza walikuwa wamekaa pamoja, wamekula pamoja, na wamesemezana juu ya mchezo muda wa majuma karibu sita. Hakuna timu yo yote ya Uingereza iliyopata kukaa hivyo.

Tofauti kubwa ilionekana katika skramu. Desturi ya wasukumaji wa Uingereza ilikuwa kwamba anayefika kwanza huinama kwanza. Mtu hakuwa na mahali pake pa daima. Wanyuzilandi waliweka watu saba tu, wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma, na kila mmoja alijua mahali pake na kazi yake. Mtu wa nane, naye ni Gallaher mwenyewe, aliachwa nje kuutia mpira na kuwazuia adui. Kwa hiyo watu saba waliojipanga waliwashinda wanane waliokusanyika tu.

Katika mchezo wao wa kwanza, tarehe 16 Septemba, waliipiga Devon alama 55 kwa 4. Husimuliwa kwamba magazeti mengine yalidhani simu imekosewa, wakachapa kuwa Devon ndiyo iliyopata 55. Katika safari yote walicheza michezo 35, wakashinda 34, wakapata alama 976, na adui zao wote pamoja wakapata 59. Gallaher mwenyewe hakuzeeka. Aliuawa vitani huko Passchendaele, nchi ya Ubelgiji, tarehe 4 Oktoba, 1917.

JIBU LA WAWELISI

Mchezo ule mmoja walioshindwa ulikuwa na Welisi, mjini Cardiff, tarehe 16 Desemba, 1905. Wawelisi hawakungoja siku ifike. Waliwatazama wageni wao wakicheza mahali pengine, wakaona nguvu zao ziko wapi, kisha wakakutana kufanya zoezi pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa timu ya taifa siku zile. Walimtoa msukumaji mmoja, wakaongeza mtu mmoja wa kuzurura kama walivyofanya Wanyuzilandi. Gwyn Nicholls, aliyekuwa amekwisha kuacha kuchezea taifa, akaombwa arudi kuwa kapteni.

Tena walitunga hila moja, wakaizoea. Mwenye kazi hiyo alikuwa Dicky Owen, mtu mfupi sana, mfanya kazi katika kiwanda cha chuma. Kipindi cha kwanza, skramu ilipotoka, Owen alikwenda upande wa kulia, na wenzake watatu wakakimbia upande ule ule kana kwamba wanangoja mpira. Wanyuzilandi wote wakafuata huko. Ghafula Owen akaurusha mpira nyuma yake, upande wa kushoto. Cliff Pritchard akaudaka, akampa Rhys Gabe, mwalimu wa shule, na Gabe akampa Teddy Morgan, aliyekuwa akisomea uganga, naye akakimbia kandokando ya mstari mpaka akauweka chini pembeni. Alama zikawa 3 kwa 0, nazo hazikubadilika hata mwisho, ingawa Wanyuzilandi walisema, na wajukuu wao wasema bado, kwamba Bob Deans naye alifika mstarini, ila mwamuzi hakumkubali.

Hila ile haikuwa ya nguvu. Mfanya kazi wa chuma, mwalimu na mwanafunzi wa uganga hawakuwa na mahali pa kukutana katika shughuli zao za kila siku. Walipopata nafasi ndogo ya kuzoezana, waliitumia kwa jambo moja lililopangwa vema, wala hawakujaribu mambo kumi.

SHILINGI ILIYOPOTEA

Hapa yapasa kuzungumza habari ya fedha, maana bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini maandalio yalikuwa haba namna ile.

Sheria ya mchezo ilisema kwamba mchezaji asipokee malipo. Kwa mtu mwenye mali, au mwenye kazi ya afisi ambaye mkubwa wake alipenda michezo, sheria hiyo haikuwa nzito. Walakini katika wilaya za kaskazini ya Uingereza wachezaji wengi walikuwa watu wa viwanda na machimbo, nao walifanya kazi hata siku ya Jumamosi. Mtu aliyeombwa kwenda kuchezea wilaya yake au nchi yake alikatwa mshahara wa siku ile. Vilabu vya kaskazini vikaomba ruhusa, si ya kumlipa mtu kwa sababu amecheza, bali ya kumrudishia mshahara aliopoteza kwa sababu ya kucheza. Mwaka 1893 shauri hilo lilipigiwa kura katika mkutano wa chama mjini London, likakataliwa kwa kura 282 kwa 136.

Basi tarehe 29 Agosti, 1895, wajumbe wa vilabu vya kaskazini vipatavyo 20 na zaidi walikutana katika hoteli ya George huko Huddersfield, wakajitenga na kufanya chama chao wenyewe. Chama hicho kiliruhusu mtu arudishiwe mpaka shilingi sita kwa siku moja ya kazi aliyoikosa. Kwa mfarakano huo mchezo ukagawanyika, na mpaka leo kuna namna mbili za raga, moja ya watu 15 na moja ya watu 13.

Waliobaki katika chama cha zamani wakazidi kuwa wakali. Hata zile shilingi tatu za Wanyuzilandi ziliwaudhi Waskoti, walioona kwamba ni mshahara uliovishwa jina jingine, na ugomvi juu yake uliendelea mpaka mwaka 1909. Mchezaji akijulikana kuwa amepokea fedha alifungiwa maisha yake yote. Mfano ni Dai Jones wa Aberdare, aliyekuwa mchimbaji wa makaa na tena polisi, mtu wa miraba minne, ambaye alisukuma skramu katika ushindi ule wa Welisi wa 1905. Mwaka 1907 alifungiwa kwa sababu ya habari za fedha. Akaenda upande wa pili, na tarehe 1 Januari, 1908, akaichezea Welisi katika raga ya chama kile cha kaskazini, mjini Aberdare, dhidi ya timu nyingine ya Nyuzilandi. Welisi ikashinda alama 9 kwa 8, na trai ya kushinda aliipata yeye Jones. Nguvu zake na mapenzi kwa nchi yake yalikuwa yale yale. Jambo lililobadilika ni sheria iliyomsimamia.

Walioitetea sheria ile nao walikuwa na hoja. Waliogopa kwamba fedha ikiingia, klabu tajiri itawanunua wachezaji wote, na mtu atacheza kwa ajili ya mfuko wake, si kwa ajili ya wenzake. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mzigo wa kuilinda heshima ya mchezo haukugawanywa sawa. Aliyekuwa na mali aliuchukua kwa mikono miwili, na maskini aliuchukua kwa tumbo lake na la watoto wake.

SAA 48

Kwa fikira hiyo hiyo walikataza timu ya taifa isikusanywe zaidi ya saa 48 kabla ya mchezo. Waliona kwamba kukaa kambini siku nyingi ni tabia ya watu wa ujira. Kwa hiyo, kama mchezo ulikuwa Jumamosi, wachezaji walikutana Alhamisi au Ijumaa, pengine wengine wakijulishana majina. Walifanya zoezi moja, kapteni akasema nao jioni, wakalala, na kesho yake wakachezea taifa. Kapteni ndiye aliyekuwa mwalimu, kwa maana mwalimu wa timu hakutakiwa. Wakati wa mapumziko hawakuondoka kiwanjani. Walisimama katika duara wakala vipande vya machungwa au ndimu, huku kapteni akiwaambia maneno machache.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1967 Welisi iliteua mwalimu wa kwanza wa timu yake ya taifa, na baada yake wachezaji wa Welisi wakaanza kukutana Jumapili kwa mazoezi ya kikosi kizima. Timu zao za miaka ya 1970 zilikuwa na sifa kubwa sana. Uingereza ilipata mwalimu mwaka 1969. Waskoti waliona haya kulitumia jina lenyewe. Walipomteua Bill Dickinson mwaka 1971 walimwita mshauri wa kapteni. Hatimaye, mwezi Agosti, 1995, bodi ya mchezo ilikutana Paris ikaondoa makatazo ya malipo, miaka 100 kamili tangu mkutano ule wa Huddersfield. Siku hizi mchezaji wa taifa katika nchi kubwa za raga hulipwa, hukaa kambini majuma mengi, na hupimiwa hata usingizi wake. Wale wa zamani hawakupata hayo.

MAMBO YA KUFUATWA

Huenda msomaji akauliza, habari hizi za nchi za mbali zatufaa nini? Raga yenyewe si ngeni kabisa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1955 timu ya Visiwa vya Uingereza na Ayalandi, iitwayo Lions, ikitoka Afrika ya Kusini, ilipita Nairobi ikacheza na timu ya Afrika ya Mashariki. Lakini hata mahali ambapo haichezwi, kuna timu za shule, za kata na za wilaya, nazo karibu zote ni za watu wasiolipwa, kama wale tuliowaeleza. Kwa hiyo twaweza kujifunza mambo manne.

Kwanza, mwili wataka muda. Clayton alikimbia mwezi mzima, wala si siku tatu. Mwalimu anayewakimbiza vijana mpaka watapike katika juma la mwisho hawajengi, anawachosha. Heri kidogo kila siku, kwa maana haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kila mtu apewe mahali pake na kazi yake, aijue. Hii haina gharama. Wanyuzilandi saba waliwashinda wanane bila kutumia hata senti moja zaidi.

Tatu, zoezi la pamoja likiwa fupi, lichaguliwe jambo moja lizoewe barabara, kama Wawelisi walivyofanya. Timu ya wilaya iliyokusanywa kutoka shule sita haiwezi kujifunza mbinu nyingi kwa siku mbili. Yaweza kujifunza moja.

Nne, na hili ni la wazee na wakubwa wa mahali kuliko waalimu. Tunapomwita kijana aache kazi yake ili aitukuze wilaya yetu, tuulize kwanza ni nani atakayeupalilia mgunda wake siku hizo, na kama mwajiri wake atamkata mshahara. Shauri hilo likatwe mapema na mbele ya watu wote: nauli ni kiasi gani, chakula ni cha nani, na siku ya kazi iliyopotea itafidiwaje. Lisipokatwa waziwazi, mtu maskini atabaki nyumbani, au atapewa kitu kwa siri na baadaye kuitwa mwizi. Katika hali zote mbili wilaya itampoteza mchezaji wake, kama Welisi ilivyompoteza Dai Jones.